Nchi Iliyokataza Kutengua

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yako, kwa hiyo usijisumbue kuitafuta. Ukiona inafanana na mahali unapopajua, huo ni udhaifu wa macho yako na mimi simo. Ninachojua ni kwamba ilikuwa na bendera, ilikuwa na wimbo, na ilikuwa na Mkuu ambaye alitupenda sana, akatukataza kutengua.

Mambo yalianza hivi. Mkuu wetu, Mungu ampe umri, alikuwa na tabia ya kuteua watu asubuhi. Mtu anateuliwa kabla ya chai, anakula kiapo saa nne, mkewe anagawa soda mtaani, na taarifa ya habari ya saa saba inasema uteuzi wake umetenguliwa. Hatukulalamika. Kulikuwa na Waziri wa Maji aliyetenguliwa akiwa bado ameshika msahafu wa kiapo. Alibaki amesimama pale jukwaani, hajui auweke chini au amalizie. Nasikia wapiga picha walipomaliza kukunja nyaya zao walimwacha hapohapo, na mfagiaji akafagia kumzunguka.

Sasa siku moja gazeti likaandika kwamba Mkuu ametengua kile alichotengua. Mkuu akalisoma, akarudia kulisoma, halafu akamwita Dakta Ponsiano Mbilikwa, mtu wake wa karibu.

"Dakta," akamwuliza, "anayetengua si ndiye aliyekosea mwanzo?"

"Hapana, Mheshimiwa," akajibu Dakta, lakini alichelewa kidogo kusema.

Jioni hiyohiyo Dakta Mbilikwa akawa Waziri wa Uthabiti, wizara ambayo asubuhi yake haikuwepo, na usiku redio ikatusomea amri. Tangu saa ile kutengua ni marufuku, pamoja na jamaa zake wote: kubatilisha, kufuta, kutangua, kughairi, kurudisha, kugeuza, kufumua, kufungua, na wengine ambao Wizara ingewatambua kadiri watakavyojitokeza.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, na sauti yake ilikuwa nene kama imepikwa kwa nazi, "taifa linalotengua ni taifa linalojitilia shaka. Sisi hatutatengua. Sisi tutaendeleza. Aliyefunga, aendeleze. Aliyejenga, aendeleze. Aliyekosea..." Hapo tukamsikia akinywa maji. "Aliyekosea hayupo."

*

Mwanzoni tulicheka, kila mtu chumbani kwake.

Halafu tukaja kuona kwamba siku nzima ya mwanamke imejaa maneno yale. Unaamka, unatandua kitanda. Unafungua dirisha. Unazibua mfereji wa jikoni. Wali ukiiva unaepua sufuria, mvua ikinyesha unaanua nguo. Yote hayo, walisema Askari wa Uthabiti waliopita nyumba kwa nyumba, ni kurudisha nyuma jambo ambalo mwananchi alilianza kwa hiari yake. Nguo umeanika mwenyewe, nani amekulazimisha? Basi endeleza.

Tukaendeleza. Wali ukabaki motoni mpaka moto ukachoka. Mji mzima ukawa unanuka ukoko. Nguo zikabaki kambani, zikalowa, zikakauka, zikalowa, zikaota ukungu, na ukipita uchochoroni alasiri unasikia makanzu yanajipiga kwenye upepo kama watu wanaojaribu kutoka ndani yake. Jirani yangu Bi Mboja alikuwa amesuka nywele wiki ile ya amri. Zilipochakaa hakuruhusiwa kuzifumua, akasukwa nyingine juu yake, na nyingine tena juu ya hizo, hata kichwa chake kikawa kama kichuguu. Alilala amekaa, ameegemea ukuta.

"Mwenzangu," aliniambia, "huku ndani kuna kitu kinatembea, na siruhusiwi kujua ni nini."

Kulikuwa na mtu mmoja aliyefungwa jela kimakosa, walikuwa wanamtafuta mwenye jina kama lake. Hakimu alikiri. Lakini kumfungua mtu ni kufungua, na hakuna afungaye akafungua. Wizara ikakaa, ikapata ufumbuzi: ukuta wa gereza ukaendelezwa. Ukasogezwa mtaa baada ya mtaa mpaka ukaizunguka nyumba ya yule bwana, naye akarudi kulala kwake akiwa bado mfungwa. Mkewe akasimama kwenye televisheni kutoa shukrani. Majirani wao waliamka asubuhi wakakuta wamo ndani. Nao pia wakashukuru, kwa kuwa askari alikuwa amesimama palepale.

*

Mume wangu aliitwa Ngwali Khatibu, dereva wa boza la maji la Baraza la Mji. Alikuwa mtu wa maneno machache na sala tano. Amri ilipotoka, mafundi wa karakana waliambiwa waondoe giya ya rivasi kwenye magari yote ya serikali, na la kwake likiwemo.

"Sasa ukikutana na gari kwenye njia nyembamba?" nilimwuliza.

"Nitamwomba Mungu alifinye lile jingine," akasema, akavaa kofia yake, akatoka.

Asubuhi moja, siku ya Jumamosi, alikuwa anapanda na boza mlima wa Bomani, pale njia ilipobanwa na kuta za mawe pande zote. Kwa juu likawa linashuka lori la jeshi limebeba sanamu ya Mkuu, ya shaba tupu, inapelekwa kusimikwa kwenye kipilefti cha katikati ya mji. Lori lilikuwa zito, breki zikashindwa. Waliokuwepo wanasema Ngwali alihangaika na giya mpaka dakika ya mwisho. Wanasema alikuwa anaiita rivasi kwa sauti, kama mtu anavyomwita nduguye aliyemwacha ndani ya nyumba inayoungua. Sanamu ikamjia kwa kifua.

Waziri wa Uthabiti alifika kwangu kabla hata maiti haijaletwa. Alikuja na kamera.

"Mama Ngwali," akasema, "pole na hongera. Mumeo amekataa kurudi nyuma mbele ya sura ya Mkuu."

"Baba, rivasi haikuwepo."

"Naam!" akawageukia wenye kamera. "Mmesikia? Hata rivasi yenyewe ilikataa."

Wifi yangu Kazija, dada yake marehemu, alikuwa kando yangu. Akaninong'oneza, "Huyu mtu tumpe maji au tummwagie?" Nikamwambia anyamaze, tuna msiba.

Basi Ngwali akawa Shujaa. Walikataa azikwe kwao. Walisema Shujaa ni mali ya umma, atazikwa kipilefti, miguuni pa sanamu iliyomuua. Mazishi yakawa Jumapili. Sisi wanawake kwetu hatufuati jeneza, kwa hiyo nilikaa ndani, nimeanza eda yangu, nasikiliza mizinga ikipigwa na madirisha yakitetemeka.

*

Maalim Silima, imamu wa msikiti wetu, alikuja baada ya alasiri. Alikaa nje ya pazia.

"Bi Mize," akasema, "nisamehe. Tumemlaza mumeo kisogo kwa Kibla."

Nikamwomba anieleze kama ilivyokuwa, asinifiche.

"Wanajeshi ndio walioshuka kaburini, sisi tulisukumwa nyuma ya kamba. Kanali akasema Shujaa amtazame Mkuu, na sanamu iko kusini. Wakamlaza ubavu wa kushoto, uso kusini. Nikapaza sauti: Kanali, Kibla ni kaskazini, mgeuzeni! Akaniambia, Maalim, chunga ulimi, hilo neno limo. Nikasema basi mzungusheni. Akasema hilo ni binamu yake. Nikasema... wallahi, Bi Mize, lilinitoka tu... nikasema mpindueni. Nikasikia bunduki zote zinakokiwa kwa mpigo."

"Ya Rabi."

"Nikaanza kutafuta neno lisilokatazwa. Mimi natafuta, wao wanafukia. Natafuta, wanafukia. Nilipolipata, kaburi lilikuwa tuta."

"Ulipata lipi?"

"Mlazeni. Ilikuwa niseme tu, mlazeni ubavu wa kulia. Neno dogo hivyo. Wala halikatazwi."

Nikamwuliza kuhusu kamba za sanda. Unajua maiti wetu anafungwa sanda kichwani, kiunoni na miguuni, na akishalazwa kaburini zile kamba hufunguliwa, shavu likagusa udongo, ili asiende kwa Mola wake amefungwa kama mzigo.

"Nani angethubutu kusema zifunguliwe?" akasema Maalim.

Kwa hiyo alikuwa amefungwa, na amegeuka.

*

Kesho yake, alasiri, nilimwona.

Alikuwa amekaa kizingitini, mahali alipozoea kukaa akitoka kazini, akinywa kahawa na kutazama wapitao. Jua lilikuwa kali, watu wanapita na ndoo zao. Amekaa na mgongo umeelekea ndani, kwangu. Niliona shingo yake, mikunjo miwili chini ya kisogo, na mstari mweupe wa mchanga kwenye kola.

Sikupiga kelele. Nilisoma nilichojaliwa kusoma, kisha nikamwita.

"Ngwali."

"Mize," akasema, hakuzungusha kichwa. "Wamenilaza vibaya."

"Najua."

"Natazama miguu ya shaba. Siioni Kibla. Nasikia adhana inanipiga kisogoni."

Nikamwomba anitazame. Mabega yake yakajikaza, shingo ikatetemeka kama ya mtu anayevuta kitu kizito, ikashindwa, ikatulia palepale. Nilipokwenda na kikombe cha kahawa hakuwepo, ila jiwe la kizingiti lilikuwa baridi, na pembeni kulikuwa na mchanga mwekundu kidogo. Mchanga wa kwetu ni mweupe.

Kazija hakumwona, lakini tangu siku ile akipita mlangoni alikuwa anapanua hatua, anaruka, kama unavyoruka miguu ya mtu aliyekaa.

"Wifi, mbona unaruka?" nilimwuliza.

"Sijui," akasema. "Wewe mbona unaandaa vikombe viwili?"

Nikampelekea Maalim swali la dini. Akajibu kwamba aliyezikwa bila kuelekezwa Kibla hufukuliwa akaelekezwa, maadamu mwili haujaharibika. Ukishaharibika, huachwa alivyo mpaka siku ya kufufuliwa. Na kuhusu mimi kutoka ndani ya eda, akasema dharura ina hukumu yake. Nikahesabu jua la mwezi ule. Sikuwa na muda.

*

Jumatano nilikwenda Wizara ya Uthabiti, nimevaa buibui, Kazija kanishika mkono.

Lile jengo liliogopesha hata mchana. Ukishaingia huruhusiwi kurudi kwa mlango ulioingilia, kwa hiyo ni chumba hadi chumba, mbele tu, na mwisho unatokea dirishani, unashuka kwa ngazi ya mbao. Ukutani palikuwa na picha za makatibu wote wa zamani. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kuondolewa kazini, kila aliyechokwa aliachwa ofisini kwake na mrithi akaletewa kiti pembeni. Chumba kimoja kilikuwa na wazee sita nyuma ya meza moja. Mmoja wao hakupepesa macho tangu tulipoingia mpaka tulipotoka. Kazija akaniambia, "Yule amekufa," nikamwambia, "Basi kazi yake haijatenguliwa."

Tulifika kwa Bwana Afidhi, Mkurugenzi wa Malalamiko. Kijana nadhifu, mwenye upole wa kweli. Nilimweleza yote. Alisikiliza, macho yakamlowa.

"Mama yangu," akasema, "hata mimi baba yangu nilimlaza mwenyewe kaburini. Nakuelewa. Lakini nisaidie kitu kimoja. Unaomba nini? Maana ukisema afukuliwe, sijakusikia. Ukisema ageuzwe, sijakusikia. Sema nikusikie."

"Naomba mume wangu aelekee Kibla."

Akatabasamu, akainuka. "Aelekee. Hilo nimelisikia."

Akatupeleka kwa Waziri mwenyewe. Dakta Mbilikwa alituketisha, akaagiza juisi. Alipoelezwa alifumba macho kwa muda, nikadhani anaomba dua.

"Kumbe Shujaa na Kibla havikukutana," akasema. "Jambo jepesi. Shujaa hasogei, huyo amekwisha kulazwa na Serikali. Tutaendeleza Kibla."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Baba?"

"Andika, Afidhi. Kuanzia Ijumaa hii, misikiti yote ya nchi, waumini wote wataelekea anakoelekea Shujaa. Hapo mumeo hatakuwa peke yake, mama. Nchi nzima itakuwa naye. Umewahi kuona mjane aliyeheshimiwa hivyo?"

Nilifika pale kumwokoa mtu mmoja, na sasa nilikuwa nimewafunga wote waliobaki.

"Mheshimiwa, naliondoa ombi langu."

Bwana Afidhi akaweka kalamu chini taratibu, kama unavyoweka kisu mbele ya mtoto.

"Unali... nini?" akauliza Waziri.

"Mama anaendelea kushukuru," akasema Afidhi haraka, akatuonyesha dirisha la kutokea.

*

Alhamisi watu wa Wizara wakapita na ndoo za rangi, wakachora mishale myekundu kwenye sakafu za misikiti, yote inaelekea kusini. Kila msikiti ukawekewa Askari wa Uthabiti wa kuhakikisha. Nilimtumia Maalim Silima salamu kuuliza atafanya nini.

"Nikielekea huko nimeiacha dini," alikuja akanijibu kupitia pazia langu. "Nisipoelekea nitafungwa, na anayefungwa hafunguliwi. Nina watoto, Bi Mize. Usinitazame."

"Sikutazami, Maalim. Kuna pazia."

"Mungu je?"

Alasiri ile Ngwali alikuja, lakini hakuja peke yake. Mbele yake, barabarani, niliona migongo. Safu kwa safu, kanzu kwa kanzu, mpaka kule mtaa unapokata kona, wote wamekaa, wote wanatazama kusini, hakuna mwenye uso. Niliwatambua kwa visogo vyao. Yupo muuza mkaa. Yupo shemeji yangu Mcha. Yupo Maalim na makovu yake ya ndui shingoni. Watu wazima, wenye afya, niliowasikia asubuhi wakikohoa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekufa bado.

"Mize," akasema Ngwali, "mbona umewaleta?"

Nikakaa chini sakafuni. Nililia, kisha nikaanza kufikiri. Nilirudia ile amri kichwani kama nilivyoisikia mezani kwa Waziri na kama redio ilivyokuwa inaikariri tangu asubuhi. Waumini wote wataelekea anakoelekea Shujaa. Haikusema kusini. Haikusema sanamu. Ilisema anakoelekea.

Nikamwita Kazija. "Wifi, majembe yako wapi?"

*

Ijumaa wanaume walikuwa misikitini mapema, kwa woga. Sisi tulitoka saa sita, wanawake wa mtaa, mabuibui meusi katikati ya barabara na jua la utosi. Bi Mboja alitangulia na jembe begani, kichuguu chake kimefungwa kwa mitandio miwili. Kwa desturi yetu hatukuwa na la kutafuta kaburini, na kila mmoja alilijua hilo, na kila mmoja aliendelea kutembea.

Kipilefti kilikuwa na mlinzi mmoja, Koplo Matei, mtu wa bara, amelowa jasho, ana bunduki na redio ya mkononi. Sanamu ilimsimamia kwa juu. Mkuu alikuwa amenyoosha kidole.

"Simameni! Mnakwenda wapi na majembe?"

"Kwa mume wangu," nikasema.

"Mama, hapa nimewekwa nizuie watu kufukua."

"Na uzuie kwelikweli, mwanangu. Sisi hatufukui. Tunaendelea kuzika."

"Mazishi yalikwisha Jumapili."

"Nani alisema yamekwisha? Kamba za sanda hazijaguswa. Mazishi yetu hayaishi mtu akiwa amefungwa. Muulize yeyote wa dini yetu."

Koplo akatazama sanamu, akatazama majembe, akamtazama Bi Mboja kichwani kwa muda mrefu zaidi.

"Na huyu kabeba nini humo?"

"Amri ya Serikali," akasema Bi Mboja. "Nikufunulie?"

"Hapana, hapana." Akarudi hatua moja, halafu akakumbuka kwamba hairuhusiwi, akasogea pembeni. "Endeleeni. Lakini endeleeni upesi. Na mimi nilimzika mama yangu, jamani, msinifikirie vibaya."

Udongo ulikuwa mwekundu, laini bado. Walichimba wao, mimi nikashuka. Nilikuwa nimejitayarisha kwa harufu. Haikuwepo, ila ya udi na ya shaba, ile inayobaki mkononi ukishika sarafu. Sanda ilikuwa safi. Alikuwa mzito na wa baridi, kama jiwe lile la kizingiti. Nikaweka mkono mmoja begani, mmoja nyongani, nikasema Bismillahi, nikavuta. Kwanza alikataa. Bega lake lilijikaza chini ya kiganja changu kama nilivyoliona likijikaza pale mlangoni. Halafu akaja. Akalala ubavu wa kulia, uso kaskazini, nami nikamwekea donge la udongo mgongoni asirudi.

Nikashika fundo la miguuni. Kazija kwa juu akaninong'oneza, "Wifi, ifanye kimyakimya."

"Nafungua," nikasema, kwa sauti ambayo Koplo aliisikia. Nikafungua la miguuni. Nikafungua la kiunoni. La kichwani lilikuwa limekazwa na mtu asiyejua, nikalifungua kwa meno. Nikasogeza sanda, shavu lake likagusa udongo. Ndevu za siku moja, alizokuwa azinyoe Jumamosi ile akirudi.

Adhana ikaanza. Na redio ya Koplo ikakoroma.

"Kipilefti, kipilefti, hapa Makao Makuu. Misikiti inasubiri. Thibitisha Shujaa anaelekea wapi."

Koplo akainama juu ya kaburi. Tulitazamana, mimi chini, yeye juu. Jasho lake likadondoka kwenye udongo.

"Anaelekea..." Akainua kichwa kutafuta jua. "Kaskazini."

"Rudia... endeleza kusema."

"Kaskazini, Afande. Namwona kwa macho yangu."

Redio ikakoroma tena. Halafu tukasikia ile sauti ikisema kwa mwenzake, mbali kidogo na kinasa sauti, "Mishale wameichora vibaya. Waambie wafuate amri, wasifuate mishale."

Nilipanda juu nikashika jembe la Bi Mboja, nikamfukia mume wangu kwa mikono yangu, wakati kutoka mnara mmoja hadi mwingine takbira zilikuwa zinapanda, na Maalim Silima, niliitambua sauti yake, alikuwa analia ndani ya Fatiha.

*

Jioni Waziri alizungumza na taifa. Alisema uchunguzi umebaini kwamba Shujaa, kwa mapenzi yake ya maendeleo, ameendelea mwenyewe kaburini mpaka akakamilika. Alisema hakuna nchi nyingine duniani yenye maiti mchapakazi kiasi hicho. Sisi hatukutajwa wala hatukukamatwa, kwa kuwa kutukamata kungemaanisha kuna kitu tulichofanya. Koplo Matei akapewa cheo. Mishale myekundu bado ipo sakafuni, hakuna aliyeruhusiwa kuifuta, watu wanasali wameipa migongo.

Mimi nilirudi ndani ya eda yangu. Jumamosi alasiri nilichemsha kahawa, nikamimina vikombe viwili, nikakaa pale ninapokaa, nikatazama mlangoni.

Wapitao walipita na ndoo zao. Makanzu yalijipiga kambani. Jua likasogea juu ya jiwe la kizingiti, likalimaliza lote, kutoka upande mmoja hadi wa pili, bila kukutana na kitu.

Nilikuwa nimemwombea alale. Sikuwa nimefikiria kwamba akilala hatakuja.

Kazija akatoka chumbani na ufagio, akapita pale mlangoni, akakanyaga jiwe kwa mguu mzima bila kuruka. Nikataka kumwambia apite pembeni. Akaufagia ule mchanga mwekundu mpaka nje barabarani, na kahawa ikapoa.